Gari la Milango Miwili

Machi 3

Leo natimiza siku ya ishirini na tatu ya kuitwa mke wa mtu, na bado nikisikia mtu anauliza mlangoni "mkeo yupo?" nageuka kumtafuta huyo mke. Daftari hili nimelinunua niandike kila kitu kizuri, maana nasikia watu wakizeeka husahau mwanzo ulivyokuwa. Mimi sitaki kusahau hata anavyofunga kamba za viatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, mkono ameuweka begani kwangu, na bega lenyewe linajiona limepandishwa cheo.

Chumba chetu ni kimoja. Kitanda, meza ya vitabu vyake, jiko la mafuta nyuma ya pazia, na dirisha linalotazama uani kwenye kamba za nguo za wapangaji wote. Yeye yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea upimaji ardhi. Mimi napiga pasi kwa dobi, mtaa wa pili kutoka hapa. Muhula huu ukiisha atafanya mtihani, atapata cheti chake, na sisi tutahamia kwenye chumba na sebule. Pesa ya kuhamia tunayo, ni ile ndugu waliyotuchangia siku ya harusi. Nimeshachagua rangi ya pazia la sebule tusiyokuwa nayo bado.

Jioni ameingia macho yanang'aa. Nikadhani anataka kunibusu. Kumbe alitaka kuniambia kuna gari linauzwa.

Machi 5

Tumekwenda kuliona. Mwenye gari ni mtu wa maneno laini, anavaa miwani myeusi hata akiwa ndani ya nyumba, kwa hiyo mume wangu anamwita Miwani.

Lina milango miwili tu. Rangi yake ni bluu iliyokolea mpaka karibu inakuwa nyeusi, na limelala chini kama paka anayevizia. Viti vinakushika kiunoni, hata mwenyewe nikaona aibu kidogo.

"Shemeji, kaa mbele," Miwani akaniambia. "Gari hili halitaki wazee. Linataka watu wanaopendana."

Sauti ya injini niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Kuna kitu humo ndani kinachosukuma hewa ili nguvu izidi. Nimeelezwa mara tatu na sijaelewa. Lakini lilipochomoka kwenye lami mgongo ulibanwa kitini, na mume wangu akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nikatamani acheke tena hivyo hivyo maisha yangu yote.

Bei yake ni pesa yetu ya kuhamia, yote.

Machi 8

Mama mkwe amekuja. Ni mpishi wa shule, na Jumapili ndiyo siku pekee asiyokuwa na sufuria za watoto mia nne mbele yake. Mwanawe alimweleza habari za gari akiwa amemshika mkono, kwa adabu zote. Mama akasikiliza, akanywa chai, akauliza hali ya paa letu. Mwanawe alipotoka kwenda kuteka maji, mama akanigeukia.

"Mwanangu, mimi ananisikiliza kwa heshima. Wewe anakusikiliza kwa moyo. Mwambie hapana."

"Mama, litamsaidia kwenda chuoni."

"Chuo kiko hapo. Nikikohoa hapa wananipa pole kule. Mwanafunzi anataka kalamu, viatu na usingizi. Gari la mbio la nini, anakimbizwa na nani?"

Nilicheka, halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Mama huyu anaona mwanawe bado ana kaptura. Dada yangu mkubwa ni mke wa "hapana". Kila kitu hapana, na leo mumewe anakunywa chai yake kwa jirani. Mimi nilijiapia kabla ya harusi kwamba mdomo wangu hautakuwa ukuta wa kumgonga mume wangu.

Machi 9

Mvua ya kwanza. Nguo hazikukauka. Dobi amenuna siku nzima.

Machi 11

Amelipeleka kwa fundi likaguliwe, nami nikaomba ruhusa kazini niende naye. Uwanja wa fundi uko nyuma ya kituo cha mafuta. Fundi alitandika boksi chini, akajiingiza uvunguni mwa gari, tukabaki tunazungumza na miguu yake.

"Gari zima," miguu ikasema.

"Nilikwambia," mume wangu akaninong'oneza.

"Zima, ila limeshushwa. Springi zimekatwa likae chini, lipendeze. Kwenye lami huyu ni mfalme. Kwenye barabara ya udongo atakuwa analima."

"Mimi si mkulima, fundi."

"Na lina kiu. Na vipuri vyake huku havipo, vinaagizwa. Unaagiza, unasubiri, unazeeka."

"Kwa hiyo nisinunue?"

Fundi akatoka, akajifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. "Sijasema usinunue. Nasema hili ni gari la mtu aliyemaliza mambo yake. Wewe ya kwako umeyaanza lini?"

Alisema hivyo akinitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu.

Machi 12

Nataka niandike hili polepole, lisinipotee.

Asubuhi kabla ya kwenda chuoni alikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza.

"Kuhusu?"

"Unajua kuhusu. Wenzangu nimeshawaambia nalichukua. Lakini mke wangu ni wewe. Ukisema hapana, basi, limekwisha. Sitanuna."

Ameniuliza mimi. Baba yangu hajawahi kumuuliza mama hata rangi ya mlango. Mimi, wa siku thelathini na mbili, mpiga pasi, nimewekewa mkononi jambo zito kuliko yote aliyonayo, nami niamue. Niliona kama anafungua kifua chake aniingize ndani. Ningewezaje kuingia humo halafu neno langu la kwanza liwe hapana?

"Nunua," nikasema. "Nunua, mpenzi."

Akaitazama ile soksi. "Kweli?"

"Kweli."

"Huna wasiwasi hata kidogo?"

"Nikiwa na wewe sina."

Akavaa soksi. Akatabasamu, akaenda. Sijawahi kujisikia mke kama leo.

Machi 15

Limefika. Uani haliingii, sakafu ya geti letu imeinuka kidogo na tumbo la gari linagusa, kwa hiyo linalala barabarani chini ya taa. Watoto wa wapangaji wamelizunguka. Mimi nimelifuta kwa kanga yangu mpya.

Machi 19

Amekuja kunichukua kazini, hatua mia tatu kutoka nyumbani. Wasichana wenzangu wameniita mke wa rubani. Dobi, ambaye ni mama wa makamo na hasemi sana, akauliza: "Rubani anasoma saa ngapi?" Nikamjibu kwamba anasoma. Ni kweli, juzi alisoma.

Machi 23

Mvua. Hatuli nyama wiki hii, imeliwa na petroli. Nimemwambia sipendi nyama sana.

Machi 27

Chuo kimetangaza mafunzo ya uwandani. Siku thelathini, kuanzia Aprili sita, watapima ardhi ya shamba kubwa lililo mlimani. Ni saa moja na nusu kutoka hapa, na zaidi ya nusu ya safari ni barabara ya udongo. Sharti ni moja: ukikosa siku nne, hufanyi mtihani. Na mfadhili anayemlipia ada ameandika wazi kwamba halipii mwaka wa kurudia. Nimeisoma barua mwenyewe, haina pembe ya kujifichia.

Chuo kinatoa lori la wanafunzi. Linapita barabara kuu saa kumi na mbili asubuhi.

Rafiki yake wa darasani alikuwepo, yule wanayemwita Mrefu, kichwa chake kinagusa kamba yetu ya taa. "Tutapanda lori pamoja," Mrefu akasema. "Tutaimba mpaka koo zikauke."

"Nina gari langu nipande lori?" mume wangu akajibu. "Nyinyi imbeni, mimi nitawapita na vumbi."

"Vumbi la wapi, ndugu yangu? Huoni mvua hii?"

Wakacheka wote. Mimi nilicheka baadaye kidogo, kama mtu aliyeeleweshwa.

Aprili 6

Siku ya kwanza. Nimemwamsha saa kumi alfajiri. Mvua imetulia siku tatu, barabara imekauka. Amerudi salama, mchovu, jua limemchoma pua. Amenionyesha jinsi wanavyotazama kupitia darubini ya kupimia na mwenzako anashika fimbo ya rangi kule mbali. Mimi nikawa fimbo, nimesimama kwenye kona ya chumba nimenyooka. Akanitazama kupitia ngumi yake. "Usitikisike," akaniambia. Sikutikisika.

Aprili 9

Mvua ilianza saa tisa alfajiri. Aliondoka, akarudi saa tatu asubuhi. Gari lilifika mahali udongo umelainika, likakaa juu ya tumbo lake, magurudumu yakizunguka hewani. Lori la chuo likampita. Anasema waliimba.

Wakulima walimsukuma, akageuza. Siku moja imepotea.

Nilimwambia, taratibu kabisa, "Kesho panda lori, mpenzi, mpaka mvua ipungue."

"Unataka wanione ninavyopanda?"

"Watakuona mara moja tu. Siku ya pili hawatakumbuka."

"Wewe huwajui." Akalala uso ukutani.

Aprili 10 hadi 17

Jua. Ameenda kila siku, akitoka saa kumi na akiendesha kama aliyebeba mayai. Nimeanza kulitazama anga kama watu wanavyomtazama mwenye nyumba tarehe za mwisho wa mwezi. Dobi anafurahia jua kwa sababu ya mashuka. Hajui ninalofurahia mimi.

Aprili 20

Jiwe. Lile bakuli la chuma linaloshika oili chini ya injini limepasuka. Oili imemwagika njia nzima, kisha injini ikazima kwa kelele ambayo anasema hataisahau. Limevutwa na trekta mpaka lami, na kutoka hapo kwa kamba mpaka kwa fundi. Siku ya pili imepotea.

Fundi hakusema "nilikwambia". Alisema tu, "Bakuli naweza kuliunga. Huko ndani sijui. Nikikuta kilichokufa, kiagizwe."

Tulirudi kwa miguu. Nilimshika mkono, mkono ukawa kama wa mtu mwingine.

Aprili 21

Nimemwamsha saa kumi na moja. Shati tayari, buti tayari. Nikamwambia lori litapita barabara kuu, ni dakika tano tu kwa miguu.

"Naumwa kichwa."

"Hii itakuwa ya tatu."

"Najua kuhesabu. Ndicho ninachosomea."

Hakwenda. Zimebaki sifuri za kuchezea. Niliunguza kola ya shati la mteja kazini, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Dobi akanivuta nyuma ya kabati la pasi, akaniuliza kuna nini nyumbani. Nikasema hakuna. Akanitazama kama ninavyotazama doa ninalojua halitatoka.

Baada ya kazi sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda chuoni, nikamtafuta dereva wa lori, mzee mmoja mwenye kofia ya sufi. Nikamwomba kesho apite mtaani kwetu, asimame mlangoni, apige honi. Nilidhani mume wangu akiwaona wenzake wamemfuata hadi nyumbani atajua wanampenda. Mrefu alikuwepo, akasema, "Shemeji, una uhakika?" Nikamwambia namjua mume wangu.

Aprili 22

Nimeandika tarehe nikaacha. Sasa ni jioni. Naanza tena.

Lori lilifika saa kumi na mbili kasorobo. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuudhi. Mume wangu alikuwa ameamka, amevaa suruali, anapiga mswaki uani. Honi ikalia. Akatazama getini, akaona lori limejaa wenzake wamejifunika maturubai, nyuso zote zimegeukia kwetu. Akanitazama mimi. Nikatabasamu. Mungu wangu, nilitabasamu.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Wamekuja kukuchukua, mpenzi."

Aliweka mswaki juu ya ukuta, vizuri, kama kitu cha kuvunjika. Akaingia ndani akafunga komeo.

Nilibisha. Nilimwita kwa jina langu la siri ninalomwita, kwa sauti ndogo, mdomo kwenye ufa wa mlango. Honi ikalia tena. Wapangaji wakaanza kufungua madirisha, na yule mama wa chumba cha mwisho akatoka kabisa na kiti. Mmoja kwenye lori akasema kwa sauti, "Mwambieni rubani abiria tunasubiri," na lori zima likacheka. Mrefu akamkemea, lakini kicheko kilikuwa kimeshapita ukuta na mlango na kufika kitandani.

Mrefu akashuka. Alikuja mpaka mlangoni, akainama.

"Ndugu yangu, achana nao. Twende. Ni siku ya nne hii."

Mrefu akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Nitakaa nawe mbele kwa dereva. Hakuna atakayekuona."

Nilisikia kitanda kikilia, akikaa au akisimama, sijui.

Nikatoka kwenda kwa dereva, nikamwomba dakika tano. Akanipa kumi. Nilisimama kati ya lori na mlango, maji yakinitiririka shingoni, nikitazama huku, nikitazama kule, na katika zile dakika kumi nilimchukia kila mtu: Miwani na viti vyake, mama mkwe kwa kuwa alisema kweli, mume wangu. Ndiyo, yeye pia. Nikaogopa.

"Shemeji, tunachelewa," Mrefu akasema. "Mkufunzi anaita majina saa mbili."

Wakaondoka. Hakuna aliyeimba.

Alifungua mlango saa saba mchana. Nilikuwa nimekaa kizingitini, sikwenda kazini. Hakunifokea. Ningependa angefoka.

"Siku ile nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza ili unikataze."

Sikuelewa. Nikamwambia, "Ulilitaka."

"Nilishawatangazia chuo kizima. Nilikuwa sijui pa kutokea. Nikajisemea, nitamuuliza mke wangu. Akisema hapana nitawaambia mke amekataa. Wangenicheka siku moja, bwana harusi mpya katawaliwa na mkewe, basi, yameisha. Fundi aliniogopesha, mama aliniogopesha. Nikakuuliza mara mbili. Nikakuuliza kama huna wasiwasi."

"Ungeniambia."

"Nakuambia nini? Nikuombe unikataze?"

Nilikuwa na wasiwasi, daftari langu. Wewe unajua, ingawa hata wewe sikukuandikia. Nilikuwa nao tangu uwanja wa fundi. Niliumeza ili nipendeze.

Aprili 23

Mvua.

Aprili 24

Mvua. Hatusemeshani ila kuhusu chumvi.

Aprili 27

Ametoka asubuhi amevaa vizuri, amerudi saa tisa na uso mwingine. Amekwenda kwa mkufunzi. Amekubaliwa. Siku za wiki iliyopita zimesamehewa kwa sababu ya mvua kubwa, ataendelea na wenzake, na atalipanda lori barabara kuu kama kila mtu.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilimbusu mikono yote miwili, viganja na migongo. Nilimwambia nilijua, nilijua. Akasema, "Usilie, mpenzi." Ameniita mpenzi. Gari na lioze huko huko kwa fundi.

Mei 1

Anatoka saa kumi na moja na nusu, anarudi alasiri. Mvua haikatiki. Buti zake zinarudi safi. Nilimuuliza, akasema kuna bomba pale chuoni wanaoshea kabla ya kuachana. Mume msafi ni baraka. Nimemwambia dobi naye akasema, "Hm."

Mei 6

Fundi amekuta kilichokufa ndani ya injini. Kuagiza hatuwezi. Mume wangu amemuuzia magurudumu yote manne kulipia kazi iliyofanyika. Gari limewekwa juu ya matofali. Hakuonyesha huzuni, na nilimpenda kwa hilo.

Mei 10

Mama mkwe amekuja. Nilimwogopa, nikajua atasema. Hakusema. Aliuliza tu, "Na mtihani?"

"Tarehe ishirini na tano, mama," mume wangu akajibu. "Siku mbili, karatasi mbili."

Mama akafunika uso kwa ncha ya kanga. Nilidhani anakohoa. Anasema jikoni kwao ameshawatangazia wote, hata mleta kuni, kwamba mwanawe atakuwa mpima ardhi na siku ya cheti wapishi wote watakuja na aproni zao. Alipoinua mikono niliona alama za moto kuanzia viganjani hadi viwikoni, nyingine za zamani, nyingine mbichi. Nilikuwa nimemshika mikono hiyo mara ngapi? Sikuwahi kuitazama.

Mume wangu alikwenda kusimama dirishani. Alisimama huko mpaka mama akaaga.

Mei 16

Uwandani wamemaliza, anasema. Sasa ni kusoma. Anasoma kweli, mchana huko chuoni, jioni hapa mezani mpaka taa inakatika. Wakati mwingine nasitisha kumenya vitunguu ili nimtazame tu.

Mei 24

Nimempigia pasi suruali mara mbili. Kesho. Nina furaha, lakini ni furaha inayotembea kwa vidole.

Mei 25

Alitoka saa mbili kasoro. Nilimfunga kifungo cha juu, nikakifungua, nikakifunga tena. Akasema, "Niombee," nikasema nimeshaanza.

Saa nane mchana nilikuwa kwenye pasi, nimemaliza mashuka ya nyumba ya wageni, mara akaingia Mrefu kuchukua suruali yake. Nikamuuliza kabla hajafika kaunta:

"Mtihani umekuwaje?"

"Umekuwa wa haki." Akachukua risiti yake, akaikunja, akaikunjua. "Shemeji, sijapata nafasi ya kukupa pole."

"Pole ya nini?"

Akanitazama, nikaona anatamani arudi nyuma atoke mlangoni jinsi alivyoingia.

"Nilidhani unajua," akasema. "Jina lake lilifutwa ile siku ya lori. Uwandani hakurudi tena. Mkufunzi alimngoja wiki nzima aje japo kuomba, alikuwa tayari kumsikiliza, maana mvua ilikuwa mvua kweli. Hakwenda. Mimi nilikuja kwenu mara mbili ukiwa kazini, wapangaji wakaniambia ametoka."

"Ametoka kwenda wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje, shemeji?"

Dobi alikuja akaniondolea pasi mkononi. Nilikuwa nimeiweka juu ya mto wa kupigia pasi, na kitambaa kimeanza kutoa moshi. Hakunigombeza. "Nenda," akasema.

Sikujua nakwenda wapi mpaka nilipoona nimefika nyuma ya kituo cha mafuta. Mvua ilikuwa imeacha tangu asubuhi na uwanja wa fundi ulikuwa na madimbwi yenye rangi za oili. Gari lilikuwa kule mwisho, karibu na ukuta, juu ya matofali. Vioo vimepandishwa vyote, vina ukungu kwa ndani. Nilikwenda karibu, nikasimama nyuma ya gari bovu jingine.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva. Shati halijakunjamana. Daftari limefunguliwa juu ya usukani, kalamu mkononi, na anaandika. Anaandika haraka, anasimama, anatazama saa, anaandika tena. Kama mtu ambaye muda unamwishia.

Fundi alinifuata. Akasema kwa sauti ya chini, "Huja kila siku, mwezi mzima sasa. Hutoka saa kumi. Mimi nilidhani ni makubaliano yenu."

"Usimwambie nilikuja," nikamwambia.

Ningeweza kugonga kioo. Mkono nilishauinua. Nikafikiria nitakaloliona usoni pake akigeuka, nikaushusha.

Amerudi saa kumi na nusu. Nilikuwa nimeweka chai na mkate.

"Umekuwaje?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka nzuri, ya kila siku.

Akaniambia. Swali la kwanza lilikuwa kiwanja chenye kona tano, utafute eneo lake. Alichovya kidole kwenye chai, akanichorea mezani, kona moja baada ya nyingine. Swali la pili lilikuwa gumu kidogo, alilirudia mwishoni. Msimamizi alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu vinavyolia, wakashindwa kujizuia kucheka. Aliyeketi mbele yake aliomba karatasi ya ziada mara tatu. Alieleza vizuri sana. Nilimwona yule mwanamke. Nilisikia viatu vyake.

"Hongera," nikamwambia.

Kesho ni karatasi ya pili. Ameniomba shati jeupe, nimelipiga pasi, liko mlangoni. Sasa ni saa moja jioni, yuko mezani. Ameniomba nimsomee maswali ya miaka iliyopita ayajibu kwa mdomo, bila kutazama kitabu. Nimemsomea kumi na mawili.

Amepata yote.